Wamechoma Mashairi Wasiyoyasikiliza

Niliitazama opera ya Ndoto ya Jumba Jekundu, ile iliyozinduliwa San Francisco mwaka 2016 kwa muziki wa Bright Sheng, nikiwasubiri washairi. Hawakutokea. Alitokea Dai Yu, akapenda, akadanganywa, akazichoma tungo zake.

Watetezi watasema riwaya ya Cao Xueqin ina sura 120, lazima ikatwe. Naam, na ikatwe! Lakini wapi? Kisu kimeibakiza hila ya kumbadilisha bibi harusi, kisa kilichomo katika sura 40 za mwisho, ambazo wataalamu wengi hawakubali kuwa ni za kalamu ya Cao. Kimeikata sura ya 37, ambamo vijana wa nyumba ile, wengi wao wasichana, wanaunda chama cha ushairi. Vina vinachaguliwa kwa bahati nasibu, kijiti cha udi kinawashwa, na kikiteketea kabla hujamaliza kutunga, una adhabu. Li Wan ndiye hakimu. Bao Chai anashinda. Bao Yu, mwanamume pekee shindanoni, anashika mkia, na bado anateta kwamba Dai Yu kaonewa!

Jukwaa lataka nini zaidi ya hayo? Aliyezoea majibizano ya malenga wetu hahitaji kuelezwa.

Dai Yu asiye na wa kushindana naye ni mgonjwa wa mapenzi tu, na wa namna hiyo opera inao tele tangu La Traviata. Anapozitia tungo zake motoni, mtazamaji huona karatasi zikiungua.