Wekundu wa Komamanga si Damu

Ukipita katika soko la City Park, hapa kwetu Parklands, huwezi kukosa kuyaona makomamanga. Yamepangwa mbele kabisa, na moja limepasuliwa ili tamaa ikushike. Majirani zetu Wahindi huliita anar au dadam. Sisi twaliita komamanga, na ndani ya jina hilo mna Manga, yaani Uarabuni kwa ulimi wa Waswahili wa kale.

Sikatai, tunda hili ni chakula. Gramu 100 za punje zake zina gramu 4 hivi za nyuzinyuzi zinazosaidia tumbo, tena mna potasiamu na vitamini C na K. Mwenye fedha zake na ale, hatukatazani.

Ninalolipinga ni hili lisemwalo, eti komamanga "huongeza damu". Wako wasichana ambao wakishikwa na kizunguzungu hujinyima nauli ya matatu, wakatembea kwa miguu, ili wanunue komamanga moja. Jamani! Wekundu si damu. Damu huhitaji madini ya chuma, na gramu 100 za punje hizo zina miligramu 0.3 tu. Msichana wa umri wetu anahitaji miligramu 15 kwa siku. Piga hesabu mwenyewe: kilo 5 za punje! Nani atazimaliza?

Sasa tazama kamande. Gramu 100 zilizopikwa zina miligramu 3 na zaidi. Maharagwe na terere navyo haviko nyuma sana. Kweli, chuma cha mimea huingia mwilini kwa shida, lakini vitamini C hukisaidia. Hapo pera ndilo bingwa: gramu 100 zina zaidi ya miligramu 200 za vitamini hiyo, komamanga 10 hivi tu. Chai nayo hukizuia chuma, na sisi ndio hodari wa kuteremshia githeri kwa chai!

Kwa hivyo natoa rai kwa walimu wetu: githeri ya adhuhuri iandamane na kipande cha pera au chungwa, chai ingoje saa kumi. Nanyi kina dada, mkihisi kizunguzungu nendeni zahanati mkapimwe damu. Wahenga walinena, uzuri wa mkakasi ndani kipande cha mti. Komamanga si mkakasi, ndani mna utamu. Lakini utamu ni utamu, na dawa ni dawa.