MBUNGE AKIACHA KITI, MWANANCHI ASIACHE KURA



Wengi mnaniuliza gulioni: mbunge akijiuzulu, sisi tunahusika vipi? Najibu kwa maandishi ili kila mtu asome, na asiyejua kusoma asomewe.

Kujiuzulu ni haki ya mbunge. Tena Katiba, ibara ya 71, inasema mbunge akiacha chama kilichompeleka Bungeni, kiti chake kimekwisha. Basi unaitishwa uchaguzi mdogo. Jina ni mdogo, lakini mbunge anayepatikana ana nguvu ile ile ya wenzake.

Tazameni Igunga. Julai 2011 Ndugu Rostam Aziz aliachia ubunge, hata mwaka haujatimia tangu uchaguzi mkuu wa 2010. Tarehe 2 Oktoba 2011 watu wakaitwa kupiga kura. Walioandikishwa 171,019. Waliopiga 53,672. Hata theluthi haikufika! Dk. Dalaly Kafumu alipata 26,484, Ndugu Joseph Kashindye 23,260. Tofauti 3,224 tu, na waliokaa nyumbani ni 117,347. Hao wangeweza kuamua vingine, au kuthibitisha yale yale. Hawakusema kitu.

Halafu Kinondoni na Siha. Ndugu Maulid Mtulia na Dk. Godwin Mollel walijiuzulu Desemba 2017, wakahama vyama. Tarehe 17 Februari 2018 wakagombea majimbo yale yale, wakashinda. Mtu yule yule, kiti kile kile, kadi tu ndiyo mpya. Walikuja upande wa Chama ambacho mimi ni katibu wake, na wenzangu walifurahi. Lakini haki haina upande. Fedha ya uchaguzi ni ya mkulima.

Hapa ushirika, mweka hazina akitaka kuacha kazi hatumshiki miguu. Anasoma hesabu mkutanoni, anarudisha daftari na ufunguo, ndipo anakwenda. Harudi mwezi wa pili kuomba ufunguo ule ule eti amebadili kofia. Mali bila daftari hupotea bila habari, na ahadi nayo ni mali.

Kwa hiyo nasema mawili. Kwanza, sheria iseme: anayejiuzulu kwa hiari asigombee kiti hicho mpaka uchaguzi mkuu. Na kabla hajaondoka aje atusomee hesabu ya ahadi zake, ya barabara na ya zahanati.

Pili, sisi wenyewe. Mwaka 1955 wazee wetu pale Matombo waliikataa amri ya mkoloni ya matuta ya ngazi. Walisimama kwa miguu yao, maana kura hawakuwa nayo. Sisi tunayo. Msiniambie kituo kiko mbali na mlima ni mkali. Mbona ndizi mnazishusha kila siku ya gulio?

Kazi kwenu.

Katibu wa Tawi