Karatasi ya labo: tuulize mbele ya kuamini

Mwenye kupeleka karanga Uganda anakuta kanuni ya Afrika Mashariki: aflatoksini B1 isipite mikrogramu 5 ndani ya kilo moja. Hii sumu ya kuvu inaharibu maini. Labo nyingi zinaipima kwa mashini inayosoma mwangaza wake. Lakini molekuli haziangazi sawasawa: katika maji na metanoli, B2 na G2 zinang'aa sana, B1, yenye ukali kupita zote, inang'aa kidogo tu. Inapashwa kwanza kubadilishwa, kwa bromini ao taa ya ultravioleti. Kwa hiyo tunasema: koperative isipokee karatasi ya «hakuna sumu» bila kuuliza: B1 mliiangazisha namna gani? Kuuliza si matusi, ni haki yetu.