Cherehani ni moja, kazi ni mbili

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, nyumba nyingi za Tarime na Serengeti huwa na mazungumzo yanayofanana. Binti hakupata alama za kuendelea, basi atafutiwe cherehani. Kijana wa kiume mwenye matokeo yaleyale anapelekwa kwa fundi makochi, gereji au kwenye bodaboda. Sababu haiulizwi.

Kwa mpita njia, fundi nguo na fundi makochi ni ndugu. Wote wana cherehani, mkasi, chaki na futi ya kamba. Lakini mzazi akikaa nao nusu siku ataona tofauti.

Fundi nguo anapima mwili, na mwili unapumua, unainama, unanenepa. Gauni lisilomwezesha mama kupanda bodaboda limeharibika, hata mshono uwe umenyooka vipi. Tena kitambaa mara nyingi ni cha mteja. Mkasi ukipotea njia kwenye kitenge cha watu, ni kulipa. Ndiyo maana mwanafunzi huanza kwa kukata magazeti.

Fundi makochi anapima mbao. Kochi la zamani linavuliwa, na kitambaa chake kikuukuu kinakuwa kipimo cha kukatia kipya. Akivuta vibaya, anang'oa pini na kuvuta tena. Ugumu wake uko kwenye fremu iliyolegea, mikanda ya kukalia inayovutwa kwa nguvu za mikono, na sponji, maana nyepesi hubonyea mapema na lawama ni zake. Hiyo ni nusu ya useremala. Gundi nayo ina harufu kali, hivyo karakana isiyo na dirisha haifai kumpeleka mtoto wa mtu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14, na kazi za hatari kwa aliye chini ya 18.

Kwenye fedha ndiko zinakoachana kabisa. Fundi nguo anaweza kuanza na cherehani ya miguu na nafasi barazani. Anakula kidogo kidogo: zipu, pindo, sare za shule Januari, nguo za Krismasi. Fundi makochi ana wateja wachache, na kila mmoja huja na fedha nyingi ambazo sehemu kubwa si za fundi. Ni za sponji, mbao na kitambaa. Hapo vijana wengi huangukia. Advansi inakuwa ada ya mdogo wake au dawa za mama, na kochi la watu linabaki mifupa kwenye kona miezi mitatu. Mzazi anayemtafutia kijana fundi wa kumfundisha, aangalie kwanza anavyotunza advansi, mshono baadaye.

Kwa binti, cherehani imekuwa jibu la kila tatizo. Hata katika nyumba salama za Mugumu na Masanga, zinazopokea wasichana wanaokimbia ukeketaji, kushona ni miongoni mwa stadi zinazofundishwa. Ni jambo jema, ila msichana huyo atatoka na kukuta mafundi nguo wamejipanga mtaa mzima, na mitumba ikimwagwa mnadani kwa bei asiyoiweza. Ujuzi alionao tayari ni nusu ya ufundi makochi. Siti ya bodaboda ni nyepesi, humalizika siku hiyohiyo, na pikipiki hazikosekani. Mugumu, iliyo jirani na hifadhi, kuna pia siti za magari ya watalii na maturubai. Anachohitaji ni sindano nene, uzi imara na subira ya kuzungusha gurudumu kwa mkono pale ngozi ya bandia inapokuwa ngumu.

Aliyejifunza mtaani bila cheti anaweza kupimwa na VETA kwa utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Tarime kuna pia Chuo cha Maendeleo ya Wananchi, na mzazi anaweza kwenda kuuliza.

Wasiwasi wa kunyanyua makochi una dawa. Seremala jirani ananyanyua, binti anashona makava ya mito. Malipo yahesabiwe kwa kila kava, na yakubaliwe kabla mteja hajatoa advansi.