Ndege Mgonjwa Uani ni Habari ya Zahanati Pia

Kila kaya iliyopanda mwembe, mpapai au mwarobaini uani mwake, iwe Kahama mjini, Nyang'hwale au kandokando ya machimbo ya Geita, inaishi na majirani wasiolipa kodi: tetere, shomoro, chiriku, kunguru na, nyakati za kukomaa kwa nafaka, makundi ya kwelea kwelea. Mmoja wao anapokutwa chini ya mti akitetemeka, mambo huenda haraka. Mtoto humwokota akacheza naye, au humchoma kwenye makaa akamla. Mtu mzima hupita akisema kila kiumbe na siku yake. Akiwa bundi, huishia kupigwa mawe. Swali moja huulizwa kwa nadra: ni nini kilichomwangusha, na je, kitu hicho kinaweza kumfikia binadamu? Hoja yangu ni kwamba swali hilo linatuhusu sisi watu wa afya, na katika mikoa ya Shinyanga na Geita lina uzito wa pekee.

Mfano ulio wazi zaidi umetoka mbali, lakini mazingira yake hayatofautiani sana na yetu. Mwishoni mwa mwaka 2006, wakazi wa Esperance, mji wa bandari katika jimbo la Australia Magharibi, walianza kuona ndege wakianguka na kufa katika bustani na mitaa yao. Vifo viliendelea hadi mwanzoni mwa 2007 na vikahesabiwa kwa maelfu. Mizoga ilipopimwa ilikutwa na madini ya risasi. Chanzo kilikuwa vumbi la madini hayo yaliyokuwa yakiletwa kutoka mgodini na kupakiwa melini katika bandari ya mji huo. Ndipo watoto wa mji wakapimwa damu, na baadhi yao wakakutwa na risasi kupita kiasi. Lililookoa hali ni kwamba watu waliokota mizoga, wakaipeleka mahali pa kupimwa, na waliopokea taarifa hawakuipuuza. Laiti mizoga ile ingefagiwa na kutupwa, vumbi lingeendelea kuwaingia watoto kimyakimya.

Kisayansi jambo hili si la ajabu. Ndege ana mwili mdogo, hupumua kwa kasi, na mapafu yake yenye vifuko vya hewa huchukua kilichomo hewani kwa ufanisi kuliko ya kwetu. Ndiyo sababu wachimbaji wa makaa ya mawe wa Uingereza, kufuatia ushauri wa mwanafiziolojia John Scott Haldane, walishuka shimoni na ndege aina ya kanari hadi mwaka 1986: kanari alizidiwa na gesi ya kaboni monoksidi kabla ya mchimbaji. Ndege wetu wa uani hawakutumwa na mtu kufanya kazi hiyo, lakini wanaifanya.

Je, katika mikoa yetu nini humwangusha ndege? Mara nyingi ni ajali ya kawaida: paka, manati ya watoto, waya wa umeme, au kioo cha dirisha ambacho ndege hukiona kama anga. Huyu ni majeruhi, na hatari yake kwa binadamu ni ndogo. Hata hivyo kuna sababu tatu nyingine zinazopaswa kutushtua.

Ya kwanza ni sumu ya mashambani. Kwelea kwelea wanapovamia mpunga na mtama, hudhibitiwa kwa kunyunyiziwa sumu kutoka angani, na sumu iliyotumika kwa miaka mingi ni fenthioni, iliyo katika kundi la oganofosfeti. Ndege waliokufa kwa sumu hiyo hawafai kuliwa kabisa, ingawa nyama ya kwelea ni kitoweo kinachopendwa katika sehemu kadhaa za nchi. Fenthioni huhifadhika katika mafuta ya mwili, hivyo dalili zake kwa binadamu zinaweza kuchelewa na kudumu kwa siku nyingi. Aliyekula jana akajiona mzima hana uhakika wa kesho. Sumu ya panya nayo huwafikia bundi na mwewe wanaokula panya waliokwisha kuilamba. Bundi anayeanguka mchana kweupe, basi, huenda ana ujumbe kweli, lakini ujumbe wenyewe ni kwamba kuna sumu karibu na ghala au jiko la mtu.

Ya pili ni sumu ya machimbo. Katika mitambo ya kuchenjua marudio, dhahabu hutenganishwa kwa sianidi, na maji yenye sianidi hubaki katika mabwawa ambayo machoni pa ndege ni mahali pa kunywa. Kanuni za kimataifa za matumizi ya sianidi katika uchimbaji wa dhahabu zimeweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita katika maji ambayo wanyama na ndege wanaweza kuyafikia, na zinataka mabwawa yenye kiwango kinachozidi hapo yawekewe wavu au kinga nyingine. Ndege wakianza kufa kandokando ya bwawa, ni ishara kwamba kinga hiyo haipo au imeshindwa. Mbuzi, ng'ombe na mtoto aliyetumwa kuchota maji wanapita njia hiyo hiyo.

Ya tatu ni maambukizi. Januari 2017, Uganda ilithibitisha homa ya mafua ya ndege aina ya H5N8 kwa ndege wa porini waliokufa ufukweni mwa Ziwa Victoria karibu na Entebbe, na pia kwa bata na kuku wa kufugwa. Ziwa hilo ndilo linalopakana na Chato na vijiji vya wavuvi vya Geita, na ndege hawaujui mpaka. Yupo pia kasuku mdogo wa Fischer, mwenye mwili wa kijani na shingo ya rangi ya chungwa, ambaye makazi yake ya asili ni kaskazini ya kati ya Tanzania, Shinyanga ikiwemo, na ambaye jina lake linatokana na daktari na msafiri Mjerumani Gustav Fischer. Kasuku huweza kubeba bakteria wa homa ya kasuku, ambayo kwa binadamu huleta homa, kichwa kuuma na kikohozi kikavu, na hutibika kwa doksisaiklini iwapo tabibu ataifikiria. Ndege wengi hubeba salmonela. Kinyesi cha njiwa hubeba kuvu wa kriptokokasi, anayeweza kusababisha homa ya uti wa mgongo kwa mtu ambaye kinga yake imeshuka.

Hapo ndipo wagonjwa wangu wanaposoma makala haya wanapaswa kusikiliza kwa makini zaidi. Mtoto mwenye selimundu, ugonjwa ulioenea sana Kanda ya Ziwa, akipata salmonela anaweza kuugua mifupa na damu, si kuhara tu. Anayeishi na VVU, mama mjamzito, mchimbaji ambaye mapafu yake yamekwisha kuharibiwa na vumbi la mwamba au kifua kikuu: hawa wasimshike wala wasimuuguze ndege mgonjwa, hata kwa huruma njema kiasi gani. Kazi hiyo wamwachie mtu mwingine wa nyumbani.

Nini kifanyike, basi? Kwanza tazama kabla ya kugusa. Kinda aliyekwisha kuota manyoya anayerukaruka chini kwa kawaida si mgonjwa. Anajifunza kuruka na wazazi wake wako karibu. Mwacheni, fungeni paka na mbwa. Asiye na manyoya anaweza kurudishwa kwenye kiota kama kinafikika. Imani kwamba mzazi humkataa kinda kwa sababu ya harufu ya mkono wa mtu haina msingi.

Ndege mmoja mwenye jeraha linaloonekana afunikwe kwa kitambaa chepesi, anyanyuliwe kwa mikono iliyovikwa glavu au kitambaa kinene, kisha awekwe katika boksi lenye matundu, mahali pa giza, kimya na joto la wastani. Asimiminiwe maji mdomoni, kwa maana huingia mapafuni. Asipewe maziwa wala ugali. Aliyegonga kioo mara nyingi huzinduka baada ya saa moja au mbili; mpelekeni nje, fungueni boksi, aende zake. Asiyezinduka ni wa afisa mifugo. Korongo na yangeyange hulenga macho kwa mdomo, na mwewe hushambulia kwa kucha. Hao waachieni wenye ujuzi. Wala asigeuzwe kuwa wa kufugwa: Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kumiliki mnyamapori bila kibali.

Ndege asiye na jeraha lakini anayetetemeka, anayepinda shingo, anayetokwa na mate au kuharisha, au ndege zaidi ya mmoja waliokufa mahali pamoja katika muda mfupi, hao wasiguswe. Waondoeni watoto, kuku na mbwa. Mizoga isiliwe, isilishwe nguruwe, isitupwe mtoni. Mtoeni taarifa mtendaji wa mtaa au kijiji na afisa mifugo wa kata siku hiyo hiyo, mkitaja mahali, idadi, aina ya ndege, na kama kuna shamba lililonyunyiziwa dawa au mtambo wa kuchenjulia karibu. Sampuli ichukuliwe na mtaalamu, naye ataifikisha kwenye maabara ya mifugo. Aliyekwisha kugusa aoshe mikono kwa maji tiririka na sabuni. Aliyedonolewa au kukwaruzwa aoshe jeraha vizuri kisha afike zahanati kuangaliwa chanjo yake ya pepopunda.

Kwa wahudumu wenzangu ninalo ombi moja, nalo halihitaji bajeti. Mgonjwa anapokuja na homa na kikohozi kisichoeleweka, au mtoto anapoletwa akiwa na mboni zilizosinyaa, mate mengi, jasho, kuharisha na kupumua kwa shida, tuulize: amegusa au amekula ndege yeyote siku hizi? Kuna ndege au kuku waliokufa nyumbani? Swali hilo la nusu dakika linaweza kuitofautisha sumu ya oganofosfeti, inayohitaji kuvuliwa nguo, kuoshwa mwili na atropini bila kuchelewa, na malaria kali au kuhara kwa kawaida. Jibu likiwa ndiyo, mganga mfawidhi amjulishe afisa mifugo, na afisa mifugo naye akikuta mizoga aijulishe zahanati. Nchi yetu imekwisha kuukubali mwelekeo wa Afya Moja, unaounganisha afya ya binadamu, wanyama na mazingira. Utaratibu huo hauwezi kuishia Dodoma. Unapaswa kuanza kwa watu wawili wa kata moja wenye namba za simu za kila mmoja.

Najua pingamizi lililopo. Zahanati yenye mhudumu mmoja na foleni ya kina mama tangu alfajiri itaupata wapi muda wa kushughulika na shomoro? Ni pingamizi la haki, na sipendekezi kwamba muuguzi aache kuzalisha akamfunge ndege bawa. Ninachopendekeza ni kwamba anayeleta taarifa ya ndege waliokufa asichekwe. Mtu akichekwa mara moja hatarudi mara ya pili, na huenda mara ya pili ndiyo yenye sumu ndani yake. Kuandika mstari mmoja kwenye daftari na kupiga simu moja ni kazi ndogo kuliko kupokea watoto watano wa familia moja usiku.

Wenye mitambo ya kuchenjua nao wana wajibu wao: kufunika mabwawa kwa wavu, kuyazungushia uzio, na kutoa taarifa ndege wanapofia hapo badala ya kuwafukia kabla ya mtu kuona. Na sisi wazazi tuwaambie watoto jambo jepesi la kukumbuka: ndege aliyejiangukia mwenyewe hachezewi wala haliwi, anaripotiwa. Mtoto wa darasa la pili anaweza kulishika hilo, akalifikisha nyumbani, na mwalimu akalirudia kila msimu wa mavuno unapokaribia.