Ua la Malkia, Ua wa Mwadui

Wiki hii naweka kando mambo ya mapenzi na mitindo, nawapeleka Mwadui, kwetu Shinyanga. Najua nyie wa Dar mtaanza: "Shinyanga kuna nini zaidi ya jua na vumbi?" Tulieni, mtakuja kuniambia.

Waingereza wana jambo moja ninalowaonea wivu. Kijiji kidogo tu, kanisa moja la mawe, baa moja, kijito ambacho hata mbuzi anakiruka, lakini historia yake utaikuta imeandikwa na mgeni anatembezwa kuoneshwa. Sisi tunayo Mwadui, ambayo jiwe lake limevaliwa na malkia wao, na bado watu wanapita Maganzo ndani ya basi la Mwanza huku wakikoroma!

Haya, shikeni historia. Mwaka 1940, Mkanada mmoja msomi wa miamba, Dk. John Williamson, aligundua almasi hapo Mwadui baada ya kuhangaika miaka kadhaa. Kumbe chini ya vumbi lile kulikuwa na koo la volkano ya kale, lenye eneo la hekta 146. Kwa hesabu za vijiweni, hivyo ni viwanja vya mpira zaidi ya 200.

Mwaka 1947 likaibuka jiwe la rangi ya waridi, karati 54.5. Williamson akalitoa zawadi kwa Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza, aliyefunga ndoa Novemba mwaka huo huo. Likachongwa likabaki karati 23.6, na mwaka 1953 Cartier wakaliweka katikati ya pambo la kifuani lenye umbo la ua. Bibi yule alilivaa tangu ujana wake mpaka uzeeni. Mkiona picha zake za sherehe, angalieni kifuani. Ndiyo Shinyanga hiyo, jamani.

Williamson, kapera mpaka mwisho, alifariki Januari 1958 akiwa na miaka 50. Mwaka huo huo mgodi ukanunuliwa na De Beers pamoja na serikali ya Tanganyika, nusu kwa nusu. Baadaye serikali ikautaifisha, De Beers wakarudi mwaka 1994, mwaka 2009 wakaingia Petra Diamonds, nao mwaka 2025 wakauza hisa zao. Mabosi wanapishana tu kama wapangaji wa chumba kimoja.

Sasa mgeni akifika aone nini? Lipo shimo lenyewe. Upo uwanja wa ndege. Zipo nyumba za kampuni, hospitali na shule, maana Mwadui ilijengwa kama mji unaojitegemea. Upo na uwanja wa Mwadui Complex, ambako Mwadui FC iliwasumbua vigogo ilipopanda Ligi Kuu msimu wa 2015/16, kabla ya kushuka msimu wa 2020/21.

Lakini mkiniuliza mimi, alama kubwa ya Mwadui ni ua. Siyo lile la Malkia, ni ua wa waya unaouzunguka mgodi. Ndani kulikuwa na umeme na maji ya bomba. Nje ni Maganzo na vijiji vingine, ambako almasi unaisikia kwa jirani kama harusi usiyoalikwa. Huko nje ndiko walikozaliwa wabeshi, vijana wanaopenya usiku kutafuta mchanga wa almasi. Wako rika langu hao, wengine tumemaliza nao kidato cha nne, ajira hakuna.

Na ua huo una historia ya damu. Mei 2021 Petra walifikia makubaliano ya pauni milioni 4.3, ndani yake zikiwemo gharama za mawakili na miradi ya wanavijiji, ili kumaliza madai ya watu 71. Madai yalihusu vipigo, risasi na vifo mikononi mwa walinzi. Kampuni ililipa bila kukubali kwamba sheria inaibana. Halafu tarehe 7 Novemba 2022 bwawa la mabaki ya mgodi likabomoka, tope likatoka nje ya ua bila kuomba kibali getini, likafukia mashamba na nyumba za watu. Mungu saidia, hakufa mtu.

Mwezi mmoja tu kabla ya tope hilo, Oktoba 2022, jiwe la waridi la karati 11.15 lililotoka Mwadui lilikuwa limenadiwa Hong Kong kwa dola milioni 57.7. Mawe yetu yanajulikana uzito mpaka nukta, lakini mashamba yaliyofukiwa nani anayakumbuka?

Ndiyo maana nasema wakubwa wa Kishapu watafute chumba kimoja tu, waweke picha za Williamson na za lile ua la Malkia, na pembeni yake waweke jembe la mkulima aliyefukiwa shamba na chekeche la mbeshi. Wazee wa pande zote mbili za waya waitwe wasimulie wakiwa bado na nguvu. Mgeni alipe kiingilio, na hela ibaki Maganzo. Hapo na sisi tutakuwa na kijiji cha kuoneshea watu.

Mkipita na basi, basi msilale. Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.