Mgonjwa asisafiri Toronto bila kujua kitanda cha dharura hupatikana vipi

Neno rufaa tunalijua vyema. Daktari wa zahanati akishindwa na homa ya mtoto huandika karatasi, nawe unapanda matatu hadi hospitali kubwa ukijua kwamba karatasi hiyo ndiyo itakayokufungulia mlango. Jijini Toronto, nchini Kanada, mtu asiye na pa kulala pia huhitaji rufaa ili apate kitanda katika makao ya dharura. Tofauti ni kwamba rufaa hiyo haiandikwi na daktari. Hutolewa kwa simu, na anayeipata ni yule anayepiga na kujieleza.

Huenda ukauliza Toronto imetuhusu nini katika safu hii ya afya. Imetuhusu sana. Katika majira ya joto ya 2023, waomba hifadhi wengi kutoka Kenya, Uganda na nchi nyingine za Afrika walilala kando ya barabara nje ya ofisi ya jiji iliyoko 129 Peter Street, huku jiji na serikali kuu zikivutana kuhusu nani agharimie malazi yao. Walionyeshewa mvua pale, na hatimaye makanisa ndiyo yaliyowachukua mwezi Julai. Majira ya baridi yaliyofuata, waomba hifadhi wawili, mmoja wao Mkenya, walifariki baada ya kulala au kungoja nje ya makao katika mji jirani wa Mississauga. Na bado kuna nyumba hapa kwetu ambako shamba linauzwa wiki hii ili kijana, au mama mwenye kisukari, apande ndege.

Basi jua utaratibu kabla hujafunga begi. Jiji la Toronto lina laini moja ya kupokea wasio na makao, inayofanya kazi saa 24 kila siku: 416-338-4766. Ukiwa ndani ya jiji unaweza pia kupiga 311. Anayepokea atakuuliza jina, umri, uko na nani na uko wapi kwa sasa, kisha atatafuta nafasi inayokufaa, kwa kuwa makao ya familia ni tofauti na ya wanaume, ya wanawake au ya vijana. Akiipata atakuelekeza uende wapi. Nenda upesi, kwa sababu kitanda hakiwezi kukungoja usiku kucha.

Katika simu hiyo ndipo watu wetu wengi huharibu. Tumelelewa kusema "niko sawa tu" hata tukiwa hoi. Mtu ana shinikizo la damu, ana pumu, ana mimba ya miezi saba, ana virusi vya HIV na dawa zimebaki za siku nne, lakini akiulizwa kama ana shida ya kiafya anajibu hapana, kwa aibu au kwa hofu ya kukataliwa. Afisa hakuoni. Hawezi kujua kwamba huwezi kupanda kitanda cha juu, kwamba insulini yako inahitaji jokofu, au kwamba huwezi kutembea kilomita mbili. Sema. Ukihitaji mkalimani, omba pia.

Kuna siku utaambiwa hakuna nafasi. Katikati ya 2023 zaidi ya watu 200 kwa siku walikuwa wakiomba kitanda na kukikosa. Hapa sharti tuseme wazi kwamba utaratibu wa kumwambia mgonjwa apige tena baadaye, ilhali simu yake haina chaji na mvua inanyesha, ni utaratibu wa kumchosha mtu hadi akate tamaa. Jiji lenyewe lilitangaza ukosefu wa makao kuwa dharura mwezi Mei mwaka huo, na dharura haiendeshwi kwa kungojeshana. Hata hivyo, piga tena. Andika saa uliyopiga na jina la aliyekujibu. Na wakati wa baridi, uliza kituo cha kuotea joto kilicho karibu. Vituo hivyo hufunguliwa hali ya hewa ikishuka hadi nyuzi 5 chini ya sufuri, na mtu huingia bila rufaa yoyote.

(Kabla hatujawacheka watu wa Toronto, tukumbuke kwamba mafuriko ya 2024 yalipobomoa nyumba Mathare, hapakuwa na nambari ya aina hiyo ya kupiga. Watu walilala madarasani.)

Baridi yenyewe haifanani na ile ya Limuru mwezi Julai. Usiku wa Januari Toronto unaweza kushuka chini ya nyuzi 10 chini ya sufuri, na mtu aliyelowa soksi anaweza kugandwa na vidole vya miguu akiwa amesimama foleni. Mwili ukianza kupoteza joto, mtu hutetemeka, kisha ulimi huwa mzito, anachanganyikiwa na kutaka kulala. Mwenzako akiacha kutetemeka ilhali bado yuko kwenye baridi, usidhani amepata nafuu. Hiyo ni hatari kubwa, piga 911. Wala usimpe pombe "apate joto". Pombe hupanua mishipa ya ngozini na joto hutoka mwilini haraka zaidi.

Wenye kisukari wasikilize hili kwa makini. Hapa kwetu tumefundishwa kuikinga insulini dhidi ya joto, wengine huihifadhi ndani ya mtungi wenye maji baridi. Kule adui ni kinyume. Insulini iliyoganda imeharibika, na haitengenezeki ikiyeyuka. Ukiwa nje, iweke ndani ya nguo karibu na mwili, si kwenye begi la mgongoni.

Mwomba hifadhi ambaye ombi lake limepokelewa huwekwa kwenye mpango wa muda wa afya wa serikali kuu, unaolipia daktari na hospitali. Fuatilia karatasi hiyo mapema kuliko kitu kingine chochote. Hospitali nayo ikitaka kukuruhusu utoke usiku, mwambie muuguzi kabla hujavaa viatu kwamba huna pa kwenda, na uombe kuonana na afisa wa ustawi wa jamii. Hospitali inayomtoa mgonjwa wa nimonia akalale kituo cha basi itampokea tena kesho kutwa, akiwa na hali mbaya zaidi.

Maajenti hawakwambii haya. Wanakwambia kuna kanisa litakalokupokea na kazi ndani ya wiki mbili. Mwulize ajenti wako utalala wapi usiku wa kwanza, akutajie mtaa na jina la mwenyeji, kisha umpigie mwenyeji huyo mwenyewe. Nanyi mnaobaki nyumbani, msianze kuomba pesa mwezi wa kwanza. Kuna watu wanaoficha kwamba wamelala nje kwa sababu mama amewaambia majirani kwamba mambo ni mazuri.

Kwa anayesafiri na ugonjwa wa kudumu, beba dawa za miezi 3 kwenye begi la mkononi zikiwa katika pakiti zake, pamoja na barua ya daktari inayotaja dawa kwa jina lake la kitabibu, si jina la kibiashara, na kipimo chake. Piga picha ya barua hiyo na umtumie mtu mmoja unayemwamini. Nambari ya makao iandike kwenye karatasi, kwani simu ikizima kwa baridi, na huzima, haitakuwa na msaada wowote.